Kudra, na meli iliyojaa

Septemba ikirudi, huku kwetu Pemba hukosi mtu wa kukuambia tena kwamba kuzama kwa meli ya Spice Islander kulikuwa kudra ya Mungu, basi tuyaache. Mwaka huu neno hilo limenikaa kooni.

Meli ile iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011. Idi ndiyo kwanza imepita, watu wanarudi kwao na watoto, magunia ya mchele, magodoro. Ikazama usiku wa manane kwenye mkondo, upande wa Nungwi. Maiti 203 zikapatikana. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake, wasioonekana walikuwa wamepindukia elfu moja, na meli yenyewe iliruhusiwa kuchukua abiria mia sita na kitu tu. Wapo walioiona ilivyolemewa wakashuka kabla haijang'oa nanga. Wengine waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania magodoro yaleyale.

Binamu yangu yumo katika wasioonekana. Hakuoshwa, hakukafiniwa, hakulazwa kwenye mwanandani.

Mkewe alipata mtihani wa peke yake. Huyu anamwambia akae eda, miezi minne na siku kumi. Yule anamuuliza eda ya nini, na mume hajathibitika kufa? Mpaka jambo likafika kwa kadhi, yule mtoto wa watu alikuwa hajui avae nini wala aitikie vipi akipewa pole. Huzuni isiyo na kaburi haina hata siku ya kuanzia.

Na mama yake binamu yangu, yaani shangazi yangu, juzi tulikuwa tumekaa mkekani tunachambua karafuu, karafuu huku, makonyo kule, tunazungumza bei. Akaniuliza bila ya kuinua uso: "Hivi mwanangu, mimi huyu nimuombee kama maiti au kama aliye safarini?"

Majibu ya kitabuni yapo. Sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, husaliwa, na Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Yote hayo kesha ambiwa, na anayaamini kuliko mimi. Nikamwambia amuombee kwa jina lake tu, Mola anajua alipo. Akasema, "Ndivyo nifanyavyo," akaendelea na kazi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Maana mimi pia nina maswali, na siyaonei haya. Naamini kheri na shari zote zimo katika ujuzi wake Mwenyezi Mungu. Ila nikiwakumbuka watoto waliokuwa wamelala chini kule kwenye sitaha, moyo huuliza kwa nini, na sijapata sheikh wa kuunyamazisha. Nasali hivyo hivyo, na swali langu likiwa nami kwenye msala. Sidhani kama Mungu analichukia.

Ninalolikataa ni hili la kumtwisha Yeye mzigo uliopakiwa na binadamu. Shangazi akisema "ni kudra", hiyo ni ibada. Ameitoa katika kifua kilichoungua. Aliyekata tiketi juu ya tiketi, aliyesimama gatini akaona meli imejaa akainyamazia, hana haki ya kulitamka neno hilo. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, aligeuza msafara. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Hakuna aliyesema imani ya Umar ilipungua. Basi na kuishusha abiria meli iliyozidi nako ni kadari. Hatukuishika. Tarehe 18 Julai 2012, mwaka haujatimia, meli nyingine, MV Skagit, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, na tukalirudia neno lile lile.

Ukiniuliza Mungu nilimwona wapi mwaka ule, nitakuambia kwa wavuvi wa Nungwi waliotoka na vyombo vyao gizani kuokota watu wasiowajua. Na jikoni kwa shangazi. Wenye umri wanakumbuka, kuna miaka hapa kisiwani watu walisusiana hata maziko kwa sababu ya vyama vya siasa. Mwanamke mmoja wa jirani alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu zama hizo. Asubuhi ya msiba aliingia kwa mlango wa uani na sufuria la uji wa pilipili manga na mikate, akaliweka chini, akakunja kanga yake, akaanza kuosha vyombo. Hakutaja kudra wala subira. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume alisema jamaa zake wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Mwanamke yule sijui kama hadithi hiyo aliisoma, lakini aliitenda yote.

Wiki ijayo nina safari ya Unguja. Shangazi kasikia, kaniita. "Ukifika bandarini utazame watu kwanza. Ukiona imezidi, shuka. Wakikataa kukurudishia nauli yako, nitakulipa mimi."