Switch Nimeitoa, 3DS Bado Ninayo

Switch 2, konsoli mpya ya Nintendo, ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, nilikuwa na konsoli mbili za mkononi ambazo zote zilikuwa za vizazi vilivyopita: Switch yenye skrini ya OLED, ya mwaka 2021, na New Nintendo 3DS XL, yenye skrini mbili, ya mwaka 2014. Kila niliyemwambia kwamba nataka kupunguza moja alinijibu bila hata kufikiri: toa huo mkweche, baki na Switch. Nikafanya kinyume, na mpaka leo sijaona sababu ya kujuta.

Si kwa ajili ya kumbukumbu za zamani, ingawa hizo zipo. Watu wakilinganisha konsoli ya zamani na mpya huanza na prosesa, ukubwa wa skrini na ung'avu wa picha. Kwa kipimo hicho ya zamani hushindwa siku zote, kwa hiyo hakikusaidii kuamua chochote. Mimi huanza kwa kuuliza kama hii mpya inazirithi gemu za ile ya zamani au inaziacha njiani. Ikizirithi, ya zamani haibaki na kitu ambacho ni chake peke yake. Ikiziacha, basi ile ya zamani ndiyo mlango pekee wa kuingilia kwenye gemu zake, hata kama skrini yake ya juu ina kimo cha pikseli 240 tu.

Kwa miaka mingi Nintendo walikuwa wakirithisha. Game Boy Color ya 1998 ilisoma kaseti za Game Boy ya 1989. Game Boy Advance ya 2001 ikazisoma za zote mbili. DS ya 2004 ilikuwa na tundu la kaseti za Advance, lakini za Game Boy za awali ikazikataa. DSi, toleo la baadaye la DS, ikaliondoa tundu hilo kabisa, ndiyo maana mwenye kaseti za Advance alikuwa na kila sababu ya kung'ang'ania DS Lite yake hata DSi ilipokuwa mpya na yenye kamera. 3DS ikaendelea kusoma kadi za DS. Halafu Machi 2017 ikaja Switch, na mnyororo ukakatika: kadi ya 3DS haiingii, skrini ni moja, na hakuna njia rasmi ya kuhamisha gemu ulizopakua.

Kwa hiyo 3DS moja ni vizazi viwili mkononi, na Switch haikuchukua hata kimoja. Switch 2 nayo inaendesha karibu kila gemu ya Switch, ya kadi na ya kupakua. Ukiliangalia hivyo, Switch ndiyo iliyokuwa imebaki bila kazi.

Miaka ya mwanzo baada ya Switch kutoka ndiyo iliyonifurahisha zaidi kama mwenye 3DS. Konsoli haifi siku mrithi wake anapozinduliwa. Julai 2017, miezi michache baada ya Switch, Nintendo walitoa New 2DS XL, mashine mpya kabisa ya familia ileile. Septemba mwaka huo ikaja Metroid: Samus Returns, na Novemba zikaja Pokémon Ultra Sun na Ultra Moon. Gemu ziliendelea kuja hadi 2019, na uzalishaji wa konsoli ukasimamishwa Septemba 2020. Wakati wenzangu wanauza kadi zao ili wapate Switch, mimi nilikuwa nazikusanya. Kama kuna kipindi kizuri cha kuingia kwenye konsoli ya mkononi, kwa maoni yangu ni hicho: gemu zote bora zimeshatoka, kasoro zimeshajulikana, na umati umeelekea kwingine.

Shida huanza baadaye, na haitoki kwenye mashine yenyewe. Inatoka kwenye seva.

Februari 2022 Nintendo walitangaza kwamba duka la mtandaoni la 3DS litafungwa mwaka unaofuata. Halikufungwa kwa mkupuo. Kwanza, Mei 2022, njia ya kuweka pesa kwa kadi ya benki iliondolewa. Agosti zikafuata kadi za salio. Tarehe 27 Machi 2023 ununuzi wenyewe ukakoma. Tangazo lile lilinipa zaidi ya mwaka mzima, nami niliutumia kwa mpangilio ambao ningeurudia kwa konsoli yoyote.

Nilianza na gemu ambazo hazikuwahi kuwa na kadi, au zilizokuwa za kupakua tu katika eneo la konsoli yangu. Pushmo na BoxBoy! zilikuwa juu ya orodha. Ni gemu ndogo za mafumbo, hazina kelele, na ndizo ninazocheza zaidi ya zile kubwa nilizozisubiri kwa hamu. Zilizo na kadi niliziacha, kwa sababu kadi inaweza kupatikana hata duka likifungwa. Kisha nikapakua masasisho ya gemu zote za kadi nilizokuwa nazo, moja baada ya nyingine; ni kazi ya kuchosha. Mwisho nikahakikisha Pokémon Bank na Poké Transporter, programu za kuhifadhi na kuhamisha Pokémon wa gemu za zamani, ziko ndani ya mashine, maana ambaye hakuwahi kuzipakua kabla ya siku ile hana tena pa kuzipata.

Ulichonunua bado unaweza kukipakua upya hadi sasa, lakini sikutaka kuitegemea huruma hiyo. New 3DS inatumia kadi ndogo ya kumbukumbu, microSD, nayo imefichwa chini ya kifuniko cha nyuma kilichofungwa kwa skrubu, kwa hiyo bila bisibisi ndogo hufiki. Niliitoa, nikanakili folda yote ya Nintendo 3DS kwenye kompyuta, na nakala nyingine nikaiweka kwenye diski ya nje. Nakala hiyo inafanya kazi kwenye konsoli ileile tu, kwa sababu data imefungwa kwa ufunguo wa mashine. Haiwezi kuokoa chochote kama konsoli yenyewe itaibiwa, ila microSD ikifa, nina pa kuanzia. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni mahali sevu, yaani rekodi ya ulipofikia kwenye gemu, zinapokaa. Gemu ya kadi huweka sevu ndani ya kadi yake. Ya kupakua huiweka kwenye microSD. Ukimwazima mtu kadi, umemwazima na safari yako yote ya saa mia.

Tarehe 8 Aprili 2024 ikawa zamu ya kucheza mtandaoni. Sikupoteza mengi hapo, maana nilikuwa nacheza peke yangu. Mawasiliano ya karibu hayakuguswa: watu wenye 3DS chumba kimoja bado wanashindana Mario Kart 7 bila intaneti, na hata mwenye kadi moja anaweza kuwaingiza wenzake wasio nayo. StreetPass nayo kiufundi ni hai, kwa kuwa ni mashine mbili zinazosalimiana zinapopishana. Kiuhalisia imekufa. Nani anatembea na 3DS mfukoni siku hizi? Kilichobaki ni sarafu za kutembea: hatua 100 hukupa sarafu moja, mwisho kumi kwa siku, na kwa hizo unanunua vipande vya picha ambavyo zamani ungepewa na wapita njia. Ni kama kucheza bao peke yako, lakini nimejikuta nikiibeba konsoli kwenye matembezi kwa sababu hiyo tu.

Betri ilikuwa wasiwasi wangu mkubwa na ikawa kazi nyepesi kuliko zote. Ni ileile ya 3DS XL ya awali, ya 1750 mAh, na inatoka bila gundi. Ukishafungua kifuniko unaichomoa kwa mkono na kuweka nyingine. Konsoli za sasa hazikupi raha hiyo. Nimejizoesha kupunguza mwanga, kuzima mawasiliano ya Wi-Fi na kuzima picha ya 3D pale isipoongeza kitu. Kuna gemu zinazoistahili: A Link Between Worlds ilitengenezwa ukiangalia kutoka juu, na vimo vya majukwaa vinasomeka vizuri zaidi 3D ikiwa imewashwa. Chaja nayo itunze, kwani New 3DS iliuzwa bila chaja sehemu nyingi. Habari njema ni kwamba chaja ya DSi au ya 3DS yoyote inaingia.

Lazima niseme pia kwamba sababu za kubaki na 3DS zinapungua. Xenoblade Chronicles 3D, iliyokuwa fahari ya New 3DS, ilipitwa na toleo la Switch la 2020, nami sijaigusa tena. Miitopia imehamia, gemu tatu za kwanza za Etrian Odyssey zimehamia, Luigi's Mansion ya pili imehamia mwaka 2024. Kila moja ikihama naiondoa kwenye hesabu yangu. Zilizobaki ndizo zinazoamua: Kid Icarus: Uprising, ambayo unalenga kwa kalamu huku ukiruka kwa kidole gumba, Super Mario 3D Land, A Link Between Worlds, na rafu nzima ya kadi za DS. Wapo wanaoniambia simu inaweza kuyafanya yote hayo. Inaweza kuonyesha picha, sawa. Lakini skrini mbili zilizobanwa kwenye kioo kimoja na kidole kinachofunika unachokilenga si mchezo uleule, na Kid Icarus ndiyo ushahidi wa haraka kuliko wote.

Sasa Switch. Kuitoa hakukuwa na uchungu kwa sababu kila nilichokuwa nacho kilihama. Nilihamisha data konsoli zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu badala ya kupitia seva, kwa kuwa nilitaka ile ya zamani iendelee kutumika. Kadi zikaingia kwenye Switch 2 moja kwa moja. Kilichogoma ni microSD: Switch 2 inaendesha gemu kutoka microSD Express, aina mpya yenye kasi zaidi, peke yake, kwa hiyo kadi yangu ya kumbukumbu ya kawaida ikabaki na Switch na gemu nikazipakua upya kwenye GB 256 za ndani. Joy-Con za zamani, vile vidhibiti vya pembeni vya Switch, hazijipachiki ubavuni, ila zinaungana bila waya. Usizigawe zote kama unacheza Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi inayozihitaji hizo za zamani.

Kuna ninavyovikosa. Weusi wa skrini ya OLED haupo kwenye LCD ya Switch 2. Gemu za 720p zilizonyooshwa kwenye skrini ya 1080p yenye inchi 7.9 huonekana laini kidogo, isipokuwa zilizopata masasisho. Uzito umepanda kutoka gramu 420 hadi karibu 534 ukihesabu Joy-Con, na viganja vinaujua. Betri ya ile ya zamani ilikadiriwa saa 4.5 hadi 9. Ya mpya ni 2 hadi 6.5. Kwa mtu wa kusafiri, hizo si tofauti za kupuuza. Hata hivyo hazikunitosha kubaki na mashine mbili zinazocheza gemu zilezile.

Ikaenda kwa mpwa wangu.

"Mjomba, lakini hii si ya zamani?" aliniuliza, akiigeuza.

Nikamwambia aniambie gemu anayoitaka ambayo haichezi. Akataja Mario Kart World na Donkey Kong Bananza, na alikuwa sahihi, hizo ni za Switch 2 tu. Lakini Pokémon Legends: Z-A ya Oktoba 2025 na Metroid Prime 4 ya Desemba mwaka huohuo zilitoka kwa konsoli zote mbili, na nyuma yake kuna miaka minane ya gemu ambazo hajawahi kuziona. Zile nilizonunua kwa kupakua namwazima kupitia kadi pepe, maana tuko kundi moja la familia: konsoli zinakutana, anapewa gemu kwa wiki mbili, kisha inarudi yenyewe. Mwenye Switch na asiye na haraka ya hizo gemu mpya yuko kwenye kile kipindi kizuri nilichokisema. Duka liko wazi, seva zinafanya kazi, na siku atakapohama atahama na kila kitu.

Anayetaka kuanza na 3DS leo ni habari nyingine. Ajue kwamba ananunua mashine ya kadi tu, na kwamba imefungwa kwa maeneo, tofauti na Switch: konsoli ya Japani haisomi kadi za 3DS za Ulaya wala za Marekani. Kabla ya kulipa, afungue na kufunga bawaba asikilize, ajaribu vitufe vya mabegani, aguse skrini ya chini kwenye pembe zote nne, na aingize kadi ya DS na ya 3DS zote mbili. Akikuta iliyo na gemu zilizopakuliwa ndani, hiyo ni bahati, ingawa asilipie bahati hiyo kupita kiasi.

Na mwenye Pokémon wake wa zamani aharakishe. Bank ni bure tangu duka lifungwe na imeendelea hata baada ya Aprili 2024, lakini ni huduma ya seva, na seva nimeshaziona zikizimwa. Njia inatoka kwenye gemu za DS za kizazi cha tano kupitia Poké Transporter hadi Bank, kisha Pokémon HOME, hifadhi inayowafikisha kwenye gemu za Switch, na ukishaingia HOME hakuna kurudi. Mimi nimewahamisha wachache ninaotaka kuwa nao kwenye gemu mpya. Wengine wamebaki kwenye kadi zao za DS, kwa sababu bado nacheza nao huko.