Nimerudi Mbinga, nyasi hazina wa kuzilaza

Basi letu lilikwama Amani Makoro saa mbili usiku, likaondoka saa tano. Mvua ya Machi ilikuwa haijakatika tangu Songea. Mbele yetu semi ilikuwa imelala ubavu, turubai limechanika, makaa ya mawe yamemwagika hadi upande wa pili wa lami. Nyuma yake zilipangana semi nyingine, taa kwa taa, kuelekea kule zinakotokea, mgodi wa Ngaka kata ya Ruanda. Nilianza kuzihesabu, nikaacha zilipofika sitini. Abiria wenzangu walijifunika kanga na makoti wakalala. Aliyeshangaa ni mimi peke yangu.

Nawaandikia ninyi mliokulia huku, mnaoikumbuka njia ile kabla ya lami. Songea hadi Mbinga wakati wa masika ilikula siku nzima, wanaume wanashuka kusukuma basi, akina mama wanabaki ndani na watoto na kuku. Lori ulilopishana nalo lilibeba magunia ya kahawa, nalo lilikuwa na majira yake. Mimi niliondoka 2009. Habari za lami zilinifikia: Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Habari za malori nazo nilipewa kwa simu, lakini nikawa nayawaza matatu, manne, kama yale ya kahawa.

Huko nilikokuwa ni Bottrop, Ujerumani, mji wa makaa ya mawe. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee, na wengi wa wazee wangu walikuwa wachimbaji. Wameshuka chini ya ardhi mita elfu moja na zaidi, miaka thelathini mtu mmoja, na hadi leo wanasalimiana "Glück auf!", salamu ya mgodini. Wapo walioharibika mapafu kwa vumbi la mawe. Usiku hawawezi kulala chali, nawaegemeza mito mgongoni mpaka kunakucha. Desemba 2018 mgodi wa Prosper-Haniel, wa mwisho wa makaa magumu katika nchi nzima, ulifungwa hapo hapo Bottrop, na kipande cha mwisho akakabidhiwa Rais Steinmeier. Tulitazama kwenye televisheni ukumbini. Wazee walilia. Ardhi ya mkoa ule imetitia, kuna sehemu zimeshuka mita zaidi ya 20, na pampu za kuvuta maji zinafanya kazi mchana na usiku. Hazitazimwa milele, kwa sababu zikizimwa mitaa ya watu itageuka ziwa.

Kwa hiyo niliposimama dirishani pale Amani Makoro nilikuwa nautazama mwanzo wa jambo ambalo mwisho wake nimeuogesha na kuuvisha kwa mikono yangu.

Makaa ya Ngaka yalijulikana tangu enzi za mkoloni, ila kuchimbwa kwa biashara kulianza 2011, mimi nimeshaondoka, kwa ubia wa shirika la umma na kampuni ya Australia. Mwaka 2016 serikali ikazuia makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vikageukia kwetu. Ikaja 2022 na vita vya Ukraine. Ulaya ikaanza kuyakwepa makaa ya Urusi, wanunuzi wakayatafuta popote yalipo, na bandari ya Mtwara, ambayo sisi tuliijua kwa korosho, ikawa inapakia makaa ya Ruvuma kwenye meli za kwenda Ulaya na India. Kutoka mgodini hadi bandarini ni zaidi ya kilomita 600. Reli haipo. Ni lori, lori, lori.

Jambo moja mlioko mbali hamlijui. Makaa hayafiki Mbinga mjini. Malori yakishatoka Ruanda yanageuza pua kuelekea Songea, na mji wetu, makao makuu ya wilaya, unabaki nyuma yao. Mji umekua, sikatai: mabati mapya, benki, bodaboda kila kona. Baridi ya jioni ni ile ile. Lakini pilika zenyewe ziko njia panda, kwa mama lishe na mafundi wa pancha na gesti. Na tusidanganyane kuhusu ajira. Mgodi huu ni wa wazi, mlima unamenywa kwa mashine, hauhitaji maelfu ya watu wa kushuka shimoni kama ule wa wazee wangu. Vijana wetu wanachopata kwa wingi ni utingo.

Nyumbani kwetu ni milimani, upande wa Litembo. Asubuhi nilitoka nje kutazama mteremko wa marehemu baba, ule niliouchora mara mia kichwani nikiwa Bottrop, wenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, zimejipanga kama sega la nyuki. Nusu yake ni pori. Robo imelimwa matuta ya kawaida, na mvua imeshayakata, udongo mwekundu umeteremka hadi kijitoni. Ngolo zilizobaki ni chache, karibu na nyumba.

Nilimuuliza mama, "Mama, ngolo zimekwenda wapi?"

Akajibu, "Nani alaze nyasi, mwanangu?"

Ninyi mnaelewa, lakini watoto wenu waliozaliwa Dar waelezeni. Ngolo ni kazi ya watu wawili. Mwanamume anafyeka nyasi, anaziacha zinyauke, kisha anazilaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa na miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule, anapanda maharage Machi hii, na mahindi yanafuata msimu mwingine. Kila shimo linashika maji yake. Babu zetu walibanwa kwenye milima hii na vita vya Wangoni, wakaweza kulisha watu wengi kwenye miteremko mikali bila udongo kukimbia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani walikuja kulisoma jambo hili. Na sasa linakufa kwa kukosa mtu wa kulaza nyasi, maana wanaume wako Tunduru, njiani kwenda Mtwara, wanabadilisha tairi.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. "Mama mdogo," aliniambia, "kahawa inanilipa mara moja kwa mwaka, na bei siijui mpaka siku ya kuuza. Safari moja ya Mtwara najua nitarudi na nini." Angekuwa hai baba asingempinga. Miaka ya tisini baba alikabidhi magunia yake kwa ushirika, akapewa stakabadhi, akaitunza ndani ya Biblia hadi anazikwa. Hakulipwa.

Mnaofikiria kurudi, nawaambia hivi. Msije na mabegi ya nguo, hakuna anayezihitaji. Safirini mchana, kipande cha Kitai hadi Amani Makoro msikipite usiku. Mwenye akiba asikimbilie kujenga gesti njia panda kwa sababu kaambiwa zinajaa. Mimi nimeishi kwenye mji ambao makaa yameisha. Nunueni miche ya kahawa. Lipeni kibarua wa kulaza nyasi kwenye mlima wa mama zenu, hata kama hamtakula maharage yale. Na kama una kijana kwenye malori ya makaa, mtumie barakoa nzuri. Mimi nilileta boksi zima. Mtoto wa dada aliivaa siku moja, wenzake wakamcheka, akaivua. Nimemsimulia habari za wazee wangu na ile mito ya mgongoni. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaenda zake kazini.

Jana alipiga simu akiwa Mtwara. Mama alikuwa na swali moja: atafika lini, nyasi zilizofyekwa zinaanza kuoza. Akasema foleni ya kushusha ni ndefu, labda siku nne.

Leo asubuhi nimezilaza mimi. Mama alisimama pembeni na jembe lake bila kusema neno, kwa sababu hajawahi kumwona mwanamke akifanya hivyo. Nilipomaliza miraba kumi alishuka, akasogeza mistari miwili kwa mguu ikanyooka, akaanza kufukia.