Nilivyokagua leseni za Windows kwenye laptopu 9 kabla ya kulipa

Laptopu 9 za ofisi, duka moja la Moi Avenue, na karatasi ya bei iliyosema "Windows 11 Pro" kwa zote. Maneno hayo peke yake hayatoshi. Mashine inaweza kuwaka ikiwa na Pro, ikaandika kwamba imeamilishwa, na bado leseni iliyolipiwa kiwandani ikawa ya Home, toleo la matumizi ya nyumbani, au isiwepo kabisa.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huweka ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, iliyo kwenye mothabodi), kwenye jedwali liitwalo MSDM. Usitafute stika chini ya laptopu. Niliomba kila katoni ifunguliwe pale kaunta. Mashine ilipofika ukurasa wa kuchagua nchi nilibonyeza Shift+F10 (nyingine hutaka Fn pia) ili kufungua dirisha la amri, nikaandika powershell, kisha:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Jibu lenye "Professional OEM:DM" ni Pro halisi; OEM ni leseni inayokuja na mashine kutoka kwa mtengenezaji. "Core" ni Home, na "CoreSingleLanguage" ni Home ya lugha moja. Likirudi tupu, ama mashine ilitoka kiwandani bila Windows, ama mothabodi imebadilishwa.

Sita zilijibu Professional, mbili Core, moja haikujibu kitu. Hizo tatu zisizojibu Professional zilikuwa zimeshafunguliwa na kupakiwa Windows upya, kwa hiyo nikaendelea na slmgr /dli, amri inayoonyesha aina ya leseni inayotumika. Zote tatu zikaonyesha VOLUME_KMSCLIENT. Hiyo ni njia ya mashirika yenye seva yao ya kuamilisha, na uamilishaji wake hudumu siku 180 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Laptopu mpya ya dukani haina sababu ya kuwa hivyo, isipokuwa kuna programu inayojifanya seva. Nilifungua orodha ya vitu ambavyo Defender, kinga ya virusi ya Windows, imeambiwa isivikague, na folda ya programu hiyo nikaikuta humo. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko leseni yenyewe: unapewa mashine ya kazi ambayo mlinzi wake ameshaambiwa afumbe macho.

Zile mbili za Core nilizifuta na kupakia Windows upya kwa flashi ya GB 8. Kisakinishi husoma ufunguo wa BIOS na kuchagua Home chenyewe bila kuuliza. Mafundi wengi hapo hudhani flashi ni mbovu, wakaitengeneza upya mara tatu. Flashi haina kosa. Kwa kuwa tulihitaji kuziunganisha na domeni (mtandao wa ofisi unaosimamia kompyuta zote kutoka sehemu moja), jambo ambalo Home haliwezi, tulikatiwa bei na duka, halafu tukanunua nyongeza ya kwenda Pro kupitia Settings, System, Activation.

Ile isiyo na ufunguo nilikataa kuichukua. Duka lilipendekeza leseni ya jumla ya mashirika, lakini leseni hiyo ya Windows ni ya kupandisha daraja tu: sharti mashine iwe tayari na leseni ya msingi ya Pro, na hata Home haihesabiki. Ambaye hana budi kuinunua mashine kama hiyo atafute leseni kamili ya rejareja. Faida yake ni kwamba inaweza kuhamia kompyuta nyingine, wakati ya OEM hufa na mashine yake.

Ndiyo maana mothabodi ikiharibika ndani ya muda wa dhamana tunapeleka kwa wakala wa mtengenezaji. Bodi ya mtumba kutoka kwa fundi huja na ufunguo wa mashine nyingine au bila ufunguo, na dai lako hapo ni gumu kulithibitisha.

Ankara ya mwisho ilikuwa na mistari 8, kila mmoja ukiwa na namba ya serial ya mashine, toleo la Windows, na neno OEM, au "Home iliyopandishwa Pro" kwa zile mbili.