Rangi Inayotuponza

Leo nimesoma kwa muda mrefu kuhusu madini ya risasi katika viungo vya chakula, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mara nyingine sumu hii hutiwa kwa makusudi. Nchini Bangladesh, manjano yaliyokaushwa huzungushwa ndani ya pipa mpaka ganda la nje litoke, na hapo ndipo baadhi ya wasindikaji walipokuwa wakinyunyizia kromati ya risasi, unga wa njano iliyokolea unaotumika kutengenezea rangi za viwandani, ili vipande vilivyofifia ving'ae. Mtindo huo ulianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuharibu rangi ya mavuno. Mnunuzi naye huchagua kwa macho, akiamini kwamba kinachong'aa ndicho bora.

Kupika hakuiondoi risasi. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na mwili wake huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani huku sehemu nyingine ikifika kwenye ubongo ambao bado unajengeka. Mara nyingi haji na homa wala maumivu. Huwa tu mzito wa kushika masomo, au hatulii. Nawafikiria watoto waliokaripiwa kwa uvivu ilhali tatizo lilikuwa ndani ya damu yao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Wengi hushauri kununua viungo vizima na kuvisaga nyumbani. Ushauri huo haunitoshi, kwa sababu rangi ile ilipakwa kwenye manjano mazima, kabla hayajasagwa. Kumtwika mzazi mzigo wa kugundua kisichoonekana ni kumwonea. Kazi hiyo ni ya wenye vipimo na mamlaka ya kutoza faini. Bangladesh ilifanya hivyo. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za manjano ya sokoni zilikutwa na risasi. Serikali ikaonya umma, ikakagua masoko na kuwaadhibu wauzaji, na kufikia 2021 hakuna sampuli iliyokutwa nayo. Risasi ilipungua pia katika damu ya wafanyakazi wa vinu vya manjano, ambao walikuwa wakivuta vumbi lile kazini.