Kabla Hujasema Filamu ya Kale Inachosha

Mtu akisema filamu za kale za sanaa zinampa usingizi, muulize kwanza alizitazama vipi. Mara nyingi kosa liko kwenye televisheni, si kwenye ladha yake.

Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni nyingi za sasa zina mpangilio unaobuni picha za ziada katikati, ili mechi ya mpira ionekane laini. Samsung wameuita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Uzime. Ukiachwa, nyuso zinateleza na filamu nzima inapoteza uzito wake. Kisha angalia umbo la picha. Filamu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zina uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani zinakaribia mraba. Ukilazimisha ijaze kioo, ama watu wananenepa, ama vichwa vinakatwa. Ile michirizi myeusi ya pembeni iache.

Kwa wanaoonyesha nje, juu ya dari Mji wa Kale wa Mombasa au uani kule Kisauni: tafuta shuka nyeupe isiyo na mshono, uikunje ibaki upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.75. Projekta ya uwiano wa kurusha 1.5 (yaani umbali ukigawanywa kwa upana wote wa picha inayorushwa, pamoja na michirizi) iwe mita 4.7 kutoka kwenye shuka. Picha itaenea kitambaa chote na michirizi myeusi itaangukia nje. Msimu wa kusi shuka hujaa upepo kama tanga, kwa hivyo pitisha bomba la plastiki kwenye pindo la chini, ulijaze mchanga, ufunge pembe zote nne. Anza baada ya Isha. Giza limeshakamilika, na adhana haitakutana na ukimya wa filamu, maana humo ukimya una kazi yake.

Manukuu, yale maandishi ya maneno chini ya picha, ndiyo huharibu usiku mwingi. Yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows bonyeza G au H uyasogeze. Lakini yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, faili la manukuu lilitengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na yako ni ya 24. Baada ya saa moja tofauti inafika dakika mbili na nusu. Hapo kusogeza hakusaidii, tafuta faili linalolingana na nakala yako. Jaribu mchana, watu hawajakaa.

Sasa uanze na ipi? Wengi huanza na ile inayosifiwa kuliko zote, wakachoka, wakaapa hawarudii. Kwa mtu wa Pwani ningeanza na *La Noire de…* ya Ousmane Sembène, 1966. Ni ya kama saa moja tu, na habari yake tunaijua: Diouana anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani anaenda kulea watoto, anaishia kufungiwa kwenye kazi za nyumba. Nyumba ngapi hapa Mombasa zina binti aliyekwenda Ghuba? Hiyo haihitaji kuelezewa.

Ifuate *Pather Panchali* ya Satyajit Ray, 1955, ambayo mimi naiweka juu ya nyingine zote. Karibu na mwisho, mvulana Apu anaukuta mkufu uliokuwa umefichwa. Anautupa bwawani. Magugumaji yanafunguka, halafu yanajifunga tena polepole juu ya maji, na kamera inabaki palepale. Hakuna anayesema neno, hakuna anayekwambia uhisi nini. Anayeonja jambo hilo hata mara moja, filamu inayoeleza kila kitu kwa muziki mzito humkera.

*Touki Bouki* ya Djibril Diop Mambéty, 1973, si ya kila mtu. Inakatakata wakati na sauti kwa makusudi, na mwanzoni kuna machinjioni yenye damu halisi. Watahadharishe watu, na watoto wasiwepo. Tafuta nakala iliyokarabatiwa 2008, rangi zake ni nusu ya utamu. Asiyeipenda hajakosea.

*Tokyo Story* ya Yasujirō Ozu, 1953, iache ya mwisho. Ni dakika 136, kamera iko chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi mkekani, kwa hivyo tandika mikeka badala ya viti, na usiongeze filamu nyingine usiku huo.