Waliolidai Fuvu

Juzi, nilipofungua kabati la ofisi ya walimu, harufu ya maka peni iliyoachwa wazi ilinikumbusha yule kijana aliyemchagua Mkwawa, mtemi wa Wahehe.

Zoezi lenyewe ni lile ninalowapa kidato cha kwanza kila Januari: mwanafunzi achague mtu wa historia anayevutiwa naye, amchore kwenye manila, kisha asimame aeleze sababu. Ninawaruhusu watumie Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha Januari huwafunga midomo, nami shabaha yangu ni kuwajua tu. Mwaka ule, kama kawaida, Nyerere alijaa ukutani. Bibi Titi Mohamed alikuwapo, na Kinjikitile Ngwale na maji yake hakukosekana.

Kijana yule alipoanza kubandika manila yake, nilitarajia mapigano ya Lugalo ya mwaka 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani na kumwua kamanda wao, Zelewski. Badala yake alikuwa amechora sanduku lenye fuvu ndani, na mbele yake foleni ya watu wadogo wadogo iliyozunguka karatasi nzima, kila mmoja amenyoosha mkono. Alianzia pale ambapo wengi wetu huishia, Mkwawa alipojipiga risasi mwaka 1898 na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Huku kidole chake kikiifuata foleni taratibu, alieleza kwamba kurejeshwa kwa fuvu lile kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado halikufika kwao Kalenga mpaka mwaka 1954, mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, alipolipokea. Mwenzake mmoja akauliza kwa kejeli shujaa ni yupi hapo. Kidole kikasimama.

"Hawa," alijibu. "Walikuwa wanamdai mtu wao."

Katika daftari langu nilikuwa na safu za wapiganaji, viongozi na wasanii, kwa sababu mwalimu hupenda kuamini kwamba mtoto huenea katika safu. Yeye nilimwandika pembeni.

Ilikuwa siku ya kuchukua ripoti ndipo bibi yake, alipokuwa akiikunja karatasi ya matokeo, aliponieleza, bila mimi kuuliza, kwamba baba wa kijana alifia ugenini, machimboni, akazikwa huko huko kwa kuwa ukoo ulishindwa gharama za kumsafirisha, na kwamba mjukuu wake hakuacha kuuliza ataletwa lini. Nilimwitikia, "Pole, bibi," naye akaanza kuniuliza habari za ada za mitihani.

Sijui kama mwalimu ana haki ya kumfungulia mtoto mlango wa namna hiyo mbele ya wenzake wasiojuana bado, ingawa yeye aliufungua mwenyewe, kwa maka peni yangu. Tangu hapo huwaambia kwamba asiyetaka kusimama anaweza kuniletea kazi yake mezani kimya kimya. Mpaka sasa hakuna aliyeomba ruhusa hiyo, na wengi hupitiliza muda.