Talanta Isikae Bure: Tafakari Juu ya Heinrich Schütz

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Linalonilemea wiki hii ni kwaya zinazonyamaza. Umeme ukikatika, hakuna wimbo. Mpiga kinanda akisafiri, hakuna wimbo. Sauti ya nne, yaani besi, wakibaki wawili, mazoezi yanaahirishwa mpaka watu watimie. Kwa hiyo tumtazame Heinrich Schütz, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Kanisa kule Ujerumani, aliyezaliwa Köstritz mwaka 1585, miaka mia kamili kabla ya Bach, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani.

Huyu hakulelewa katika uchache. Mwaka 1609 alipelekwa Venice kusoma kwa Giovanni Gabrieli, bingwa wa makundi ya waimbaji yanayoitikiana kutoka pande mbalimbali za kanisa. Baadaye akawa kiongozi wa muziki wa mtawala wa Saxony mjini Dresden, na mwaka 1619 akachapisha Zaburi za Daudi kwa mtindo huo huo mkubwa, kwaya juu ya kwaya, vyombo juu ya vyombo. Mwaka 1625 mkewe Magdalena akafa, akamwachia mabinti wawili wadogo. Kisha Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618, vikaifikia Saxony mwaka 1631. Fedha zikaenda kwa askari, wanamuziki wakakosa mishahara, kundi likapukutika.

Mwaka 1636 akatoa Kleine geistliche Konzerte, nyimbo 24 za kiroho za mwimbaji mmoja hadi watano na kinanda, basi. Kitabu cha pili kikafuata mwaka 1639. Katika dibaji ya kile cha kwanza anasema wazi kwamba vita vimeuangusha muziki, na mahali pengine umekufa kabisa. Naye ametoa haya madogo ili talanta aliyopewa na Mungu isikae bure. Mathayo 25 mnaijua. Aliyefukia ya kwake ardhini ndiye aliyepewa moja.

Wimbo wa kwanza wa kitabu hicho cha 1636 ni Zaburi ya 70, “Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima.” Mwimbaji ni mmoja. Kinanda kinashika noti ndefu chini, na juu yake sauti inakwenda kama mtu anayesema kwa haraka, kwa sababu anayezama hapigi mapambo. Mpiga kinanda amepewa mstari wa besi wenye tarakimu zinazomwonyesha sauti zipi ziende juu yake, na sauti hizo za kati anajaza mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: anajaza sana, anapigapiga tena noti ambayo ilipaswa kushikwa tu, na maneno yanafunikwa. Au mwimbaji anahesabu mapigo kama mtu wa gwaride, na ombi linakuwa zoezi la hesabu.

Mkitaka kuimba hivyo, anzeni na maneno. Mmoja asome zaburi kwa sauti, taratibu, mpaka kila mtu asikie uzito unaangukia wapi; kwa Kiswahili ni silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni nyingi za kigeni tunazoimba zinaukanyaga uzito huo bila huruma. Kisha isomwe yote kwa noti moja, bila kupanda wala kushuka. Tuni iingie mwisho kabisa, na besi iwe ndogo kuliko sauti. Hakuna spika inayohitajika hapo.

Wanafunzi wake pia aliwafundisha hivyo, msingi kwanza. Mwaka 1648, mwaka wa amani, alichapisha Geistliche Chormusik, nyimbo 29 za sauti tano hadi saba, akawaonya watunzi vijana wasikimbilie mtindo mpya unaoegemea kinanda kabla ya kujua kuzipanga sauti zisimame zenyewe. Ni kokwa ngumu, alisema, lakini ndani yake mna kiini. Watunzi Christoph Bernhard na Matthias Weckmann walipita mikononi mwake.

Lakini wazee wa baraza, msifurahie mapema. Najua kuna atakayesema, “Mnaona? Hata bila mshahara alitunga.” Hapana. Sikilizeni barua yake ya mwaka 1652. Vita vimekwisha miaka minne. Miaka miwili nyuma, ikulu ya Dresden ilifanya sherehe kubwa ya harusi mbili za wana wa mtawala. Naye Schütz anaandika kumwombea mwimbaji wake wa besi: anaishi kama nguruwe zizini, hana kitanda, analala juu ya majani makavu, koti lake ameliweka rehani. Sherehe ilikuwa na fedha, sauti ya nne haikuwa nazo. Schütz mwenyewe, mzee wa miaka zaidi ya sitini na tano, alikuwa ameomba kupumzika, na hakupata nafuu mpaka mtawala yule alipofariki mwaka 1656.

Unyenyekevu wa mtumishi si ruhusa ya kumdhulumu. “Mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake,” na aliyesema ni Bwana mwenyewe, Luka 10:7. Yakobo naye anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Tunamwambia mwalimu wa kwaya kwamba anamwimbia Mungu, thawabu yake iko mbinguni, halafu tunakodi jenereta, mahema na mhubiri mgeni, na wote hao tunawalipa taslimu siku hiyo hiyo. Mwalimu aliyefundisha sauti nne mwaka mzima, akanunua karatasi za nota kwa fedha zake, anapewa makofi na soda.

Mhazini, posho yake iwe na mstari wake katika bajeti, kiasi kiandikwe, tarehe iandikwe. Ilipwe kabla ya spika kukodiwa. Na kama kuna malimbikizo ya mwaka jana, yaanze hayo.